Ada ya Marafiki

Majuzi hapa chuoni, katika baridi ya Juni ya huku Iringa, mwenzangu wa chumbani, Neema, alirudi kutoka sokoni na hita kuukuu aliyoinunua kwa fundi. Aliichomeka ukutani, waya zake zikaanza kuiva rangi nyekundu, na vumbi lililokuwa limelala ndani yake sijui tangu lini likaungua. Neema aliziba pua akacheka. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka aliponifuata kuniuliza nina nini. Harufu ile ya vumbi linaloungua nilikuwa sijaisikia tangu nikiwa na miaka kumi na moja, katika chumba cha jirani yetu kule Manfuha, kusini mwa mji wa Riyadh, nikiwa nimeegemea goti la bibi yangu. Nilimwambia Neema kuwa moshi umeniingia machoni. Hakukuwa na moshi.

Sisi si watu wa baridi. Nilizaliwa Jeddah, mtaa wa Hindawiyah, katika nyumba ya ghorofa ya tatu ambamo kiyoyozi kilinguruma mwaka mzima na nguo tulizoanika barazani hazikukauka vizuri kwa unyevu wa bahari. Bibi, mama yake baba, aliingia mji ule akiwa mwari wa miaka kumi na sita, yeye na mumewe, katika wale waliotoka Unguja baada ya mapinduzi. Hakurudi tena. Alimzika mume Jeddah, akazika watoto wawili Jeddah, akamlea baba yangu Jeddah, na miaka yote hiyo alisema Kiswahili kile kile alichotoka nacho kwao, bila kupunguza neno, kama mtu anayetunza nguo ya harusi. Pamoja na hayo hakuwa raia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa raia. Tulikuwa na ikama, kile kitambulisho cha ukaazi anachokuwa nacho mgeni chini ya jina la kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini. Utotoni nilidhani kila mtu duniani ana kafili, kama vile kila mtu ana kitovu.

Baba aliuza vitambaa katika duka moja la Balad, kwenye zile nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, kwa mzee mmoja mpole ambaye alikuwa ndiye kafili wetu. Siku moja ikatoka amri kwamba kazi za maduka kama lile ziwe za wenyeji peke yao. Mzee alimwita baba, akampa chai, akamwambia hana la kufanya. Baba alihangaika miezi kadhaa, na kazi aliyoipata ilikuwa Riyadh, kuendesha lori dogo la ghala moja la vipuri. Kafili mpya, mji mpya. Tulifungasha magodoro, sufuria na mashine ya Bibi ya kushonea, tukaondoka asubuhi, na bahari ikabaki nyuma. Bibi hakugeuka kuitazama. Alikuwa anahesabu tasbihi.

Manfuha ni mtaa wa nyumba kongwe na vichochoro vyembamba. Walijaa Wahabeshi, Wayemeni, Wasudani, na wengine wasiokuwa na karatasi yoyote, ambao wakisikia gari la polisi mwanzo wa kichochoro walipotea kama maji mchangani. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili na hoshi, ua mdogo usioezekwa, katikati, choo kikiwa upande wa pili wa hoshi. Madirisha hayakufunga sawasawa. Tulipohamia kulikuwa na joto kali, kwa hiyo hatukuyajali madirisha. Baridi ilipofika, iliingia ndani ya wiki moja tu, na ilikuta hatuna sweta wala blanketi nzito. Asubuhi ya kwanza ya baridi ya kweli, mdogo wangu Nasri, aliyekuwa na miaka minne, alitoka hoshini, akauona mvuke unamtoka mdomoni, akarudi ndani analia: "Mama, naungua! Naungua ndani!" Sote tulicheka, hata Bibi. Ndiyo mara ya mwisho ninayoikumbuka baridi ile ikituchekesha.

Bibi ndiye iliyemwandama. Alivaa gauni juu ya gauni, soksi za baba, kanga mbili kichwani, na bado vidole vyake vilikuwa vya bluu pembeni mwa kucha. Magoti yalikataa kusujudu akawa anasali amekaa. Kikohozi kilimwanza kidogo kidogo. Akikohoa alishika kifua kwa mkono mmoja na mkono wa pili akaupunga, kutuambia tusije, si kitu. Mama alikuwa akimchemshia tangawizi na kumpasha chumvi kwenye kitambaa ili aiweke magotini. Mkaa ndani alikataa, akisema watu huufungia mlango wakalala wasiamke.

Aliyetuokoa alikuwa jirani yetu wa mlango uliotazamana na wetu, Ummu Turki. Alikuwa mwenyeji, raia, mmoja kati ya wachache waliobaki kichochoro kile, na alikuwa maskini kama sisi. Mumewe alikufa zamani, na mwanawe Turki alikufa kwa ajali ya gari akamwachia mjukuu, Wadha, aliyelingana na mimi. Serikali ilimpa dhamani kila mwezi, ile ruzuku ya watu wasiokuwa na uwezo, na msimu ule wa baridi ilimletea na vingine: wanaume wawili walikuja na orodha, wakatazama kadi yake ya familia, wakamwachia mablanketi mawili na dafaya, hita ya umeme yenye waya tatu. Kadi ile ya familia ilikuwa ya raia tu. Mlangoni kwetu hawakubisha hodi.

Dafaya ilipowashwa tu, Ummu Turki alituma Wadha. "Bibi yangu anasema, Ummu Salim aje aote moto." Ummu Salim ndiye Bibi, kwa jina la baba yangu. Kuanzia siku ile, kila nikirudi skuli nilimshika Bibi mkono, tukavuka kichochoro, na wale wanawake wawili wakakaa mbele ya zile waya nyekundu, miguu imenyooshwa, wakizungumza Kiarabu cha Hijazi na cha Najdi kila mmoja kwa lafudhi yake. Bibi alishona, Ummu Turki alimenya machungwa na kuyaweka maganda juu ya dafaya. Wadha na mimi tulikuwa chini ya blanketi moja tukichora. Alikuwa rafiki yangu wa pekee Riyadh. Skuli wasichana waliniita mtu wa Jeddah, kisha mtu wa Afrika. Wadha aliniita kwa jina langu.

Hapo ndipo palipoingia ile ada. Kwamba ilikuwapo nilijua, kwa sababu ilipotangazwa watu wa kichochoro hawakuwa na mazungumzo mengine. Bibi alimuuliza baba mchana mmoja tukiwa tunakula: "Salim, na mimi nimo?" Baba akamjibu haraka, bila ya kuinua uso kwenye sahani: "Wazee hamumo, Mama. Ni kwa vijana tu." Bibi akasema alhamdulillahi, akaendelea kumtolea Nasri miba ya samaki. Mimi sikufahamu ni ada ya nini, wala sikuuliza.

Nilifahamu, au nilidhani nimefahamu, alasiri moja baba aliporudi kazini mapema. Mama alikuwa anakata vitunguu hoshini. Mimi nilikuwa ndani nikifanya kazi za skuli, na dirisha lile lisilofunga lilikuwa kati yetu.

"Ikama zinakwisha," baba alisema. "Kafili anasema hawezi kuzitoa upya mpaka nilipe rusumu za murafikina zote, za mwaka mzima, kwa mpigo."

"Za watu wangapi?"

"Wanne. Wewe, mtoto, Nasri, na Mama."

"Na Mama! Si ulimwambia wazee hawamo?"

"Ningemwambia nini?" Sauti ya baba ilishuka. "Ningemwambia kwamba anatozwa kwa kuwa anaishi na mwanawe? Kila mmoja ana yake, hakuna mzee hakuna mtoto. Ya watatu nitaikopa kwa taabu. Ya wanne sijui. Na ikama zisipotoka, hapa Manfuha hatumalizi mwezi hawajatukamata."

Rusumu ni ada, na neno murafikina lina maana ya wafuasi, watu wanaofuatana na mtu, na katika karatasi za kule ndivyo walivyoitwa mke, watoto na wazazi wa mfanyakazi mgeni. Kiarabu nilikijua, cha skuli na cha kichochoroni, lakini neno lile nilikuwa sijakutana nalo, na nyumbani masikio yangu yalizoea Kiswahili. Nilisikia marafiki. Ada ya marafiki. Nilikaa na penseli mkononi nikaipanga ile habari mpaka ikakaa sawa. Serikali inatoza watu kwa marafiki zao. Mimi nina Wadha. Bibi ana Ummu Turki. Mama ana yule mama wa Kihabeshi anayesukana naye nywele. Nasri ana paka wa kichochoroni. Baba hakujitaja, na kweli, baba Riyadh hakuwa na rafiki hata mmoja. Kila kitu kilikwenda sawa. Ndiyo maana baba alikuwa amechoka vile. Sisi wanne tulikuwa tunafanya urafiki, naye analipa.

Kesho yake, Wadha alipokuja mlangoni na daftari lake la kuchorea, nilimsubiri kizingitini.

"Usije tena kwetu," nilimwambia. "Na mimi siji kwenu."

"Kwa nini? Nimekufanya nini?"

"Unatugharimu."

Alinitazama. Alikuwa na macho makubwa, na baridi ilikuwa inamtoa kamasi. Kisha akageuka akaenda, hakukimbia. Yule paka nilimrushia kandambili. Na kwa Bibi, ambaye sikuthubutu kumwambia neno, nilizua. Siku ya kwanza nilimwambia Ummu Turki ana wageni. Siku ya pili nikamwambia amelala. Siku ya tatu nikamwambia dafaya imeharibika. Bibi alisema masikini, akajifunika, akakaa kwenye chumba chetu kilichokuwa baridi kama kisima. Siku tatu. Usiku wa siku ya tatu kikohozi chake kilikuwa kinatoka chini kabisa, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kabla, na nilijifariji kwamba angalau tunamsaidia baba.

Siku ya nne Ummu Turki alikuja mwenyewe, amejitanda abaya lake, amemshika Wadha mkono. Hakukaa. "Ummu Salim," alisema, "kama nimekukosea niambie. Mtoto wako amemfukuza mjukuu wangu kama mbwa, na wewe siku tatu hukanyagi kwangu. Huyu hana mama wala baba. Analia mpaka hali."

Bibi alinitazama. Kisha alimwomba Ummu Turki arudi nyumbani, kwamba atakuja kumjibu. Walipotoka alinikalisha mbele yake. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyonivunja. Nilimweleza yote, ada ya marafiki, baba na Mama hoshini, ikama zinazokwisha, na jinsi nilivyomfukuza paka.

"Baba yako aliwataja nani na nani?" aliuliza.

"Mama, na mimi, na Nasri, na wewe."

"Na mimi?"

"Na wewe, Bibi. Yako ndiyo asiyoijua ataitoa wapi."

Nje muuza gesi alikuwa anapita akigonga mitungi. Bibi alinivuta akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemfichia mtoto kitu.

"Si marafiki, mwanangu. Ni murafikina. Wanaofuatana na mtu." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Marafiki hakuna anayewatoza. Nenda kamwombe Wadha radhi. Hivi sasa, yalla."

Nilikwenda. Wadha alinifungulia, akanisamehe kwa namna watoto wanavyosamehe, kwa kuniuliza kama nimekuja na penseli nyekundu. Nilirudi nyumbani nimetulia. Nilidhani yamekwisha.

Bibi hakumwambia baba kitu siku ile. Alimwambia Ummu Turki, na Ummu Turki alikuwa mtu wa kusimamia jambo. "Wewe ni maskini kuliko mimi," alimwambia mbele yangu, "na una miaka hamsini katika nchi hii. Tutakwenda wanakonipa mimi. Wakikuandikia dhamani, mwanao atalipia ada kwa hiyo. Na dafaya watakupa."

Tulikwenda asubuhi, siku ambayo sikuwa na skuli, sisi watatu ndani ya teksi. Bibi alivaa abaya lake jipya na alijifukiza udi kama anakwenda harusini. Ndani ya mkoba alikuwa amebeba kila karatasi aliyonayo, ikama zake zote za tangu zamani, zilizofungwa kwa utepe. Ofisi ilikuwa na joto zuri. Upande wa wanawake tulingoja mpaka miguu yangu ikafa ganzi, kisha tukaitwa kwenye dirisha, ambako alikuwa kijana mmoja mwenye ndevu chache na adabu nyingi. Aliandika namba ya Bibi kwenye kompyuta, akatazama. Akaandika tena.

"Khala," alisema, yaani mama mdogo, ndivyo wanavyomwita mwanamke mtu mzima, "wewe si raia."

"Najua, mwanangu."

"Msaada huu ni kwa wenye kadi ya familia. Mfumo haunifungulii kabisa."

Ummu Turki alisogea mbele. "Huyu ameingia nchi hii kabla baba yako hajazaliwa! Amezika mume hapa. Amezika watoto. Hebu msikilize anavyokohoa!"

"Wallahi namsikia," yule kijana alisema, na nakumbuka masikio yake yalikuwa mekundu. "Ingekuwa amri yangu ningempa sasa hivi."

"Basi toa katika changu umpe."

"Hakigawanyiki, khala."

Bibi alimgusa Ummu Turki mkono, kumwambia basi. Akamuuliza yule kijana jambo moja tu, kwa sauti ya chini, akiwa ameinama kwenye tundu la dirisha: ile ada ya wafuasi, hakuna msamaha kwa wazee? Kijana alisema hilo si la ofisi yao, lakini anavyojua yeye, hakuna. "Mafi, khala. Mafi." Kisha akainuka, akamletea Bibi maji ya moto katika gilasi ya karatasi. Bibi aliyanywa yote, palepale amesimama, akamwombea dua kwa ajili ya wazazi wake. Karatasi zake hakuzifungua hata utepe.

Siku ile ile baada ya magharibi alimwita baba. Sisi wengine tulikuwa humo humo chumbani, kwa sababu hatukuwa na pengine pa kwenda.

"Salim. Nataka unikatie khuruji."

Khuruji ni kibali cha kutoka moja kwa moja. Anayekatiwa, ikama yake inafutwa.

Baba aliduwaa. "Mama, unasema nini?"

"Nasema nirudi Unguja. Mwana Asha, mtoto wa dada yangu, yuko Ng'ambo. Atanipa pembe ya chumba."

"Hujamwona Mwana Asha tangu anatambaa! Huko huna mtu, Mama. Umri wako wote uko hapa."

"Uliniambia wazee hatumo."

Baba alitazama ukutani, halafu akamtazama Mama, na Mama akateremsha macho. Hakuna aliyenitazama mimi. Nilikuwa nimemshika Nasri nguvu mpaka akalalamika.

"Nitaipata," baba alisema. "Nipe wiki mbili. Nitaongea na kafili, nitaongea na watu wa Jeddah."

"Utaipata mwaka huu. Mwakani watapandisha, wamekwisha kusema. Mimi nimekwenda ofisini kwao, nimeona kwa macho yangu. Halas, basi, mwanangu. Na baridi hii sitaiweza mwaka wa pili." Aliyasema hayo bila ya hasira, kama mtu anayegawa kazi za nyumbani. "Mtoto asiyekuwa na ikama hasomi. Hao wawili wasome."

Baba hakulia mbele yetu. Alitoka hoshini akasimama kwenye baridi bila koti, na tulimsikia anafungua bomba, maji yanamwagika sakafuni muda mrefu bila ya kuosha kitu.

Ndege tuliyoipata kwa bei nafuu ilikuwa inaondokea Jeddah. Baba aliomba ruhusa kazini, akanichukua na mimi, kwa kuwa Bibi aliniomba. Mama na Nasri walibaki. Ummu Turki alitoka mpaka mwisho wa kichochoro bila viatu, akamvisha Bibi moja katika yale mablanketi mawili mabegani, na wakashikana mpaka dereva alipopiga honi. Tulipofika Jeddah hewa ilikuwa ya vuguvugu, yenye chumvi, na Bibi alivuta pumzi ndefu ambayo haikukatwa na kikohozi. Nilisema, "Bibi, umepona!" Akaniambia ndiyo, nimepona.

Aliomba jambo moja: kwenda makaburini kwa mumewe na wanawe. Wanawake hawaingii mule. Baba aliingia peke yake, na mimi na Bibi tukasimama nje, ukutani, kwenye jua. Aliutandaza mkono wake wa kulia juu ya ukuta ule, akasoma alichosoma, kisha akaanza kusema nao kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, anawapa habari: Salim yu salama, watoto wanasoma, mimi nakwenda nyumbani. Alisita. Akarudia, kana kwamba neno lenyewe limemshangaza: nyumbani.

Uwanjani tulifika naye mpaka kwenye kizuizi. Upande wa pili tulimwona akisimama mbele ya ofisa wa uhamiaji, akiambiwa aweke vidole kwenye kile kioo cha kusomea alama. Mashine ilikataa. Akaweka tena, ikakataa. Vidole vya Bibi vilikuwa vimelika kwa sabuni, sindano na maji ya moto ya miaka hamsini, havikuwa na michirizi. Ofisa alivifuta kwa kitambaa, akavikandamiza kimoja kimoja. Ikakataa. Nilimvuta baba shati. "Baba, haimtambui! Hawezi kutoka! Lazima abaki!" Nilikuwa naruka. Niliamini kabisa kwamba mashine imetuokoa, kwamba sasa atageuzwa, na tutarudi wote Hindawiyah, na ada itakuwa imesahauliwa. Ofisa aliita mwenzake, wakazungumza kidogo, mwenzake akaandika kitu kwa kalamu, akagonga muhuri, akampa Bibi pasi yake kwa mikono miwili. Bibi alitutafuta kwa macho katika ule umati, hakutuona. Alipunga mkono upande ambao hatukuwapo. Kisha akaingia ndani.

Alikaa Unguja miezi saba. Mwana Asha alikuwa mwema, lakini nyumba yake ilikuwa imejaa, na Bibi alilala na wajukuu wa watu ambao walimcheka namna anavyosema, maneno ya kizamani yaliyochanganyika na Kiarabu. Kwenye simu alituambia anapata dafu kila siku. Baadaye Mwana Asha alitueleza kwamba alikuwa hatoki, kwamba ule mkoba wake hakuufungua akapanga nguo kabatini hata mara moja, na kwamba jirani wakimuuliza kwao ni wapi alikuwa akijibu Jeddah. Kikohozi kilimrudia wakati wa mvua za masika. Alipokufa, baba hakuweza kwenda kumzika. Kibali cha kutoka na kurudi kilikuwa na malipo yake, na ada ya mwaka wa pili ilikuwa inamngoja.

Na ada ilipanda, kama alivyosema. Mwaka ule baba aliweza kututolea sisi watatu kwa kuuza mashine ya kushonea na dhahabu ya Mama. Mwaka uliofuata hakuweza. Tulikatiwa khuruji sote, tukaingia Unguja na masanduku manne, nikaanza skuli upya madarasa mawili nyuma kwa kuwa sikujua kuandika Kiswahili. Kwa hiyo alichokifanya Bibi kilitununulia mwaka mmoja. Nimelihesabu hilo mara nyingi, nikitafuta hesabu nyengine, sijaipata.

Kabla sijaja huku chuoni nilimfuata baba dukani kwake Darajani, kibanda cha vipuri vya pikipiki, nikamwambia kitu nilichokuwa nimekificha muda wote: kwamba mimi ndiye niliyemwambia Bibi. Kwamba mimi ndiye niliyemfungia baridini siku tatu.

Alikuwa anapangusa mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta. Hakushangaa. "Alinambia tukiwa njiani kwenda Jeddah, wewe umelala," alisema. "Akanikataza nisikuulize." Aliupangusa ule mnyororo mpaka mwisho, akautundika. "Na mimi n'na langu, ambalo hata mama yako halijui. Siku ile uwanjani, alipoingia ule mlango, nilishusha pumzi. Nilihisi wepesi, mwanangu. Mama yangu mzazi anaondoka peke yake, na mimi nimeona wepesi."

Mteja akaja, akauliza bei ya taa ya nyuma, na baba akamgeukia akamtajia.